Picha za Mtaa Uliobomolewa

Machi 6

Binti yangu amekuja leo asubuhi, akakaa hadi saa nane mchana, akaondoka kabla mvua haijamkuta njiani. Ameniletea simu ya kupangusa pamoja na daftari hili. Simu ni ya kuongea na watu, amesema, na daftari ni la kuongea na nafsi yangu. "Maana mama mwenye nyumba ananiambia unaongea na sufuria, baba." Mama mwenye nyumba ana domo. Niliongea na sufuria mara moja tu, na ilistahili.

Mke wangu, mama yake, ana miaka miwili tangu atutoke. Nimepanga vyumba viwili: kimoja nalala, kingine kimejaa maboksi kumi na moja. Ndani yake kuna negativu, zile filamu za kusafishia picha, za miaka thelathini na nane ya studio yangu, nilizowahi kuziokoa tingatinga lilipokuja kubomoa mtaa wetu kupisha barabara. Binti yangu anataka nizitupe. Nimemwambia nitafikiria, na sifikirii lolote.

Machi 7

Mvua. Simu imenishinda.

Machi 9

Binti amenipigia, akanielekeza hatua kwa hatua kama mtu anayemvusha kipofu barabara, mpaka nikaingia kwenye kundi linaloitwa "Mtaa Wetu Enzi Zile". Lina watu mia mbili na kumi, wote wa mtaa wetu, kila mmoja sasa yuko kwake. Msimamizi ni Katibu. Zamani alikuwa karani wa posta na mpaka leo anaandika kama telegramu: "Karibu. Soma sheria. Hakuna siasa. Hakuna biashara."

Nimesoma hadi macho yakaniuma. Wanabishana kama bomba la maji lilikuwa upande wa mashine ya kusaga au upande wa kinyozi. Jibu nilikuwa nalo, lakini sikuandika. Nimezoea kukaa nyuma ya kamera.

Machi 12

Nimepiga moyo konde, nikaandika: "Bomba lilikuwa upande wa kinyozi. Mimi ndiye mpiga picha."

Simu ikaanza kulia mfululizo mpaka nikadhani imeharibika. Watu wanasema kumbe bado upo, mzee, tulijua umeshakufa. Kinyozi naye yumo, mzima, na bado mwongo. Anadai alininyoa bure miaka ishirini. Alininyoa bure mara moja, siku aliyonikata sikio.

Nimekula chakula cha moto leo. Wiki nzima nilikuwa nakula kiporo kwa uvivu.

Machi 17

Nimegundua namna ya kufanya. Nabandika karatasi nyeupe kwenye kioo cha dirisha, naiweka negativu juu yake, napiga kwa simu, halafu simu yenyewe inageuza cheusi kuwa cheupe. Kazi iliyokuwa ikinifungia kwenye chumba cha giza nusu siku inachukua muda wa kupiga chafya. Sijui nifurahi au nikasirike. Lakini inataka mwanga, na mvua hizi zinaacha mwanga kidogo tu, kati ya saa nne na saa sita.

Nimeweka picha ya kwanza kundini: foleni ya ndoo bombani, watoto watatu mbele, mmoja kavaa viatu vya baba yake. Kufikia jioni watoto wote watatu wamepatikana. Mmoja ni bibi sasa.

Machi 18 hadi 25

Picha moja kila siku. Hakuna jipya. Naamka mapema.

Machi 28

Kuna mwanamke kundini anajiita Nesi. Ni muuguzi kweli, ana miaka hamsini na mmoja, anaishi peke yake mji mwingine. Jumapili, ambayo ndiyo siku ya kila mtu kuonyesha anachokipenda, yeye huonyesha maua aliyoyapanda kwenye makopo ya rangi. Katibu huonyesha stempu zake. Kinyozi huonyesha tumbo lake.

Kila asubuhi, saa moja kasoro, Nesi huandika: "Shikamoo mzee wa picha. Umeamkaje?" Si salamu ya kundi, ni yangu. Nimejikuta nachemsha maji ya chai, halafu namsubiri ndiyo nimimine. Mtu wa miaka sabini na minne. Mke wangu angenicheka mpaka akae chini.

Aprili 2

Nesi ameandika leo maneno marefu kuliko kawaida. Anasema ana picha moja tu akiwa na baba yake, na niliwapiga mimi. Yeye ana miezi miwili, baba yake kampakata. Baba alifia machimboni, mama yake akahama naye mtaani angali mdogo, akamlea peke yake, naye mama alifariki mwaka juzi. "Nikiwa na shida naishusha ile picha ukutani. Vidole vyangu hivi virefu nimevirithi kwake. Naviona pale, amenizungushia mgongoni."

Nimemjibu kwamba baba yake alikuwa mtu mzuri sana. Simkumbuki hata kidogo. Nimepiga akina baba na vichanga mamia, na wote walikuwa wanaogopa kuangusha.

Aprili 9

Paa linavuja kwenye chumba cha maboksi. Nimeweka beseni.

Aprili 13

Salamu ya Nesi imechelewa mpaka saa tatu. Alikuwa zamu. Nilijifanya sijali, nikafagia chumba mara mbili.

Aprili 20

Leo nimeudhika. Kuna kijana wa makamo kundini, Fundi Simu, ambaye studio yangu ilipokuwa na jina alikuwa bado ananyonya kidole. Ameweka picha ya harusi yake, na babu yake marehemu kasimama pembeni ya bwana harusi, suti safi. Ameitengeneza kwenye simu. Watu wakamwaga makofi na mioyo myekundu. Akaandika: "Sekunde kumi tu. Wazee wa studio wenzetu walikuwa wanabonyeza kitufe basi."

Kubonyeza kitufe. Nimezima simu nikaiwasha tena. Hata chakula sijala vizuri.

Aprili 21

Nimempa jibu lake. Nilitafuta tangu asubuhi kwenye boksi la saba, ambamo niliweka kazi zangu za kuunga picha mbili kuwa moja, nikachagua ile iliyonitoa jasho kuliko zote. Mwanamume kakaa kitini, kampakata mtoto aliyefunikwa shali nyeupe. Ukiitazama hata kwa lenzi huoni mahali pa kuungia. Nikaiweka kundini, nikaandika chini yake, na hapa nanakili kama nilivyoandika:

"Fundi Simu, angalia ufundi. Mwenye sura hii alikuwa amekufa miezi minne kabla ya picha. Mjane wake aliniletea mtoto na koti la marehemu. Nililivaa mimi, nikakaa kitini, nikampakata mtoto, mke wangu ndiye akabonyeza. Kisha nikachukua kichwa cha marehemu kutoka picha yake ya kitambulisho, nikakikata kwa wembe, nikakibandika kwenye shingo yangu, nikapaka ukosi kwa brashi ya nywele tatu, nikaipiga picha upya. Siku nne. Wewe sekunde kumi."

Nilisifiwa. Acha niseme ukweli wangu hapa: nilisifiwa, na nikatembea chumbani kama jogoo. Kinyozi aliandika kwamba mimi ni mchawi. Fundi Simu akasalimu amri. Nimelala mchana usingizi wa raha.

Aprili 22

Hakuna salamu asubuhi. Nikadhani yuko zamu.

Saa nne na robo Nesi ameandika, mbele ya watu wote mia mbili na kumi: "Hiyo ni picha yangu." Halafu simu ikaandika yenyewe kwamba Nesi ameondoka kwenye kundi.

Nimekaa kitandani. Nimeandika sentensi hii mara tatu na kuifuta, kwa hiyo acha niiandike ilivyo. Nilikuwa nayo yote. Miezi miwili, machimbo, kapakatwa, vidole mgongoni. Alinieleza kila kitu kwa mkono wake, nami sikuunganisha, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye ukosi na wembe. Na vidole vile si vya baba yake. Ni hivi ninavyoshikia kalamu.

Mzee aliyenifundisha kazi alinikataza jambo moja kwa ukali: picha ya kuunga haitajwi, si kwa jirani, si kwa mke wa jirani, hata mwenyewe akifa. Wapiga picha wote tuliishika amri ile. Na yule mjane alikuwa amenishika mkono mlangoni, akasema, "Kaka, asijue." Nikamwambia asiwe na shaka. Miaka hamsini nimekaa nayo kifuani, nikaja kuitoa kwa ajili ya kijana aliyesema nilikuwa nabonyeza kitufe.

Nimeifuta picha kundini. Watu walikuwa wameshaiona.

Aprili 23

Kundi limegeuka. Mama mmoja anauliza kama picha ya wazazi wake ni ya kweli. Mwingine anauliza kama mdogo wake kweli alikuwepo siku ile. Mpaka mchana watu kumi na tisa wanataka niwathibitishie picha zao. Kinyozi anauliza kuhusu yake akiwa amekaa juu ya pikipiki. Nimemjibu kwamba pikipiki ilikuwa ya kweli, ila haikuwa yake.

Hakucheka mtu. Baadaye Kinyozi amenipigia, sauti ya chini, si ya utani. "Kaka," akasema, "safari hii umechemsha." Nilidhani yeye ndiye atakayenitetea. Kumbe ndiye pekee aliyenithamini kiasi cha kuniambia.

Aprili 24

Katibu: "Tafadhali pumzika kuweka picha. Kwa muda. Samahani."

Aprili 27

Nimemwandikia Nesi ujumbe mrefu, nikamwomba Katibu aufikishe. Mvua usiku na mchana. Beseni linajaa kabla sijamaliza kulala.

Aprili 29

Katibu: "Nimefikisha. Hajajibu."

Mei 1

Naamka saa ileile. Nachemsha maji. Sina ninayemsubiri, basi namimina tu.

Mei 3

Binti yangu amepiga simu. Nilitaka kumficha, lakini alisikia sauti yangu, akanibana mpaka nikasema yote. Nikamsomea na ujumbe niliomwandikia Nesi. Akauliza: "Baba, umemwomba msamaha au umemweleza ufundi?"

Nimekasirika, nikamwambia nina maji jikoni. Baada ya kukata nimeusoma ule ujumbe upya. Mistari kumi na minne. Tisa ni ya wembe, brashi na jinsi mjane mwenyewe alivyonisihi. Msamaha uko mwishoni, nusu mstari, kama kitu kilichodondoka mfukoni. Huyu mtoto nimemwona miaka yote kama mtu wa kuniambia nitupe maboksi. Sikujua ana jicho namna hii.

Nimempigia tena jioni kumwambia amesema kweli. Amesema, "Najua, baba," akaniuliza kama nimekula.

Mei 4

Nimeandika upya. "Mwanangu, nimekuumiza kwa majivuno. Nisamehe. Picha ya kitambulisho ya baba yako niliipiga mimi, na negativu yake huenda ninayo. Nikiipata nitakupa, ukitaka." Basi. Katibu ameipeleka.

Mei 5

Daftari la namba za studio lililowa siku ya tingatinga, kurasa zimegandana. Hakuna njia isipokuwa kupitia bahasha moja moja, zote, dirishani, mwanga ukiwepo. Boksi la kwanza. Hayumo.

Mei 7

Boksi la pili. Hayumo. Nimekutana na mke wangu, kasimama mbele ya pazia langu la maporomoko ya maji, anacheka kitu kilichokuwa nje ya picha. Nadhani kilikuwa mimi.

Mei 8

Giza siku nzima.

Mei 9

Giza.

Mei 11

La tatu na la nne. Hayumo. Katibu: "Nesi amepokea. Hajajibu."

Mei 13

Paa limeanza kuvuja upande wa pili. Nimehamishia maboksi yote chumba cha kulala, na mimi nalala kwenye ukingo wa kitanda kama mgeni. Mama mwenye nyumba amenisaidia kubeba. Alibeba sita, mimi matano, na hakusema neno hata moja kuhusu sufuria.

Mei 15

La tano, hayumo. La sita limeingia maji chini, nimepoteza karibu bahasha mia. Kama alikuwa humo, basi.

Leo nimewaza ubaya na nauandika ili uniaibishe. Nimewaza kumtungia. Ningeweza kumwambia kwamba siku ile baba yake alipokuja kupiga kitambulisho alimtaja mtoto aliye tumboni, kwamba alisema akiwa msichana atamwita hivi, kwamba aliniomba nimwachie nafasi ya kumpakata. Najua kutia chumvi ikakolea, nimefanya kazi na sura za watu maisha yangu yote. Angelia, angenisamehe, na kesho yake saa moja kasoro ningesalimiwa. Nimeitamani ile salamu mpaka nikaiandika nusu ya uongo huo kwenye simu. Halafu nikaona ninafanya yaleyale, nabandika kichwa kwenye shingo isiyo yake. Nimeifuta.

Mei 18

La saba nilishalijua. La nane, hayumo.

Mei 20

Nimempata. Boksi la tisa, bahasha iliyoliwa na mende pembeni. Nimeiweka dirishani.

Ni mwanamume wa miaka ishirini na kitu. Kifungo cha juu hakipo. Uso umenuna, wa mtu aliyechelewa mahali na anayengoja aambiwe basi. Nimemtazama saa nzima nikitafuta chochote cha kumpelekea binti yake, nikitafuta kumbukumbu hata ya kikohozi chake. Sina. Alikuja, akakaa, akaondoka. Amefanana na Nesi kwenye masikio, kama Nesi ana masikio ya kuchomoza. Sijui. Sijawahi kumwona akiwa mkubwa.

Nimeituma kwa Katibu ampelekee. Nimeandika chini: "Huyu ndiye yeye mwenyewe, peke yake, bila mkono wangu. Simkumbuki. Nilikudanganya niliposema alikuwa mtu mzuri. Huenda alikuwa."

Mei 21

Katibu: "Imefika. Pole, mzee." Hilo la pole si la telegramu.

Mei 22

Kimya. Mvua inapungua, mtu anasikia sasa hata nyayo za watu nje.

Mei 24

Saa tisa alasiri simu imelia, namba nisiyoijua. Nilikuwa naanika bahasha zilizolowa kwenye kamba ya nguo. Nikapokea.

"Shikamoo," akasema sauti ya mwanamke.

Nikajua. Sijawahi kuisikia na nikajua. "Marahaba, mwanangu."

"Nimeiona ile ya baba."

"Ndiyo."

"Amenuna."

"Amenuna, ndiyo."

"Mama alikuwa ananiambia baba alikuwa hajui kununa. Kwamba alikuwa anacheka muda wote." Akavuta pumzi. "Na ana masikio yangu."

Nikakaa juu ya boksi. Nikamwambia niliyotaka kumwambia tangu mwezi uliopita, kwamba nilivunja ahadi niliyompa mama yake mlangoni kwangu na kumvua yeye nguo mbele ya watu, na kwamba hakuna ufundi unaofuta hilo. Hakuniambia amenisamehe. Hakuniambia hajanisamehe. Alisema aliishusha ile picha ukutani siku ileile akaitia kabatini, chini ya mashuka, na kwamba siku zote hizi anakaa mbele ya ule ukuta kama mtu aliyefiwa upya, na hajui anamlilia nani, maana yule mtu hakuwahi kuwepo.

Nikamwacha aseme.

"Nataka kukuuliza kitu," akasema. "Usinipambie."

"Sikupambii."

"Nilikuwa nalia? Ulipokuwa umenipakata?"

Sikulitegemea swali hilo. Nikafumba macho nikaitafuta ile siku, si picha, siku yenyewe. Sura ya baba yake sikuikumbuka hata baada ya maboksi tisa, lakini siku hii ilikuja nzima nzima, joto lake na uzito wake, maana mimi na mke wangu tulikuwa bado hatujapata mtoto na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupakata kichanga.

"Ulilia mwanzoni," nikamwambia. "Koti lilikuwa zito, lilikuwa linakuwasha. Mke wangu akanionyesha niweke mkono hivi mgongoni, nikauweka, ukanyamaza. Tukapiga. Halafu ukalala."

"Ulinishika muda gani?"

"Picha ni dakika moja."

"Sijauliza picha."

Hili sijawahi kumwambia mtu, si kwa siri, ila sikuwahi kuona kama ni habari. "Karibu saa nzima. Mama yako alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri, akapitiwa na usingizi hapo hapo, kichwa ukutani. Alikuwa amechoka sana. Mke wangu akafunga mlango wa studio. Mimi nikabaki na wewe kitini."

"Kwa nini hukumwamsha akuchukulie mtoto?"

"Ulikuwa umelala," nikasema.

Nikamsikia analia, taratibu, kama mtu ambaye hana haraka ya kwenda popote. Sikumwambia nyamaza. Nilikaa juu ya boksi, simu sikioni, maji yakidondoka kwenye beseni moja moja, na wala yeye hakukata, wala mimi.